Usimwinulie mbwa bakuli

Lubumbashi, katikati ya Oktoba

Ndugu yangu mpendwa,

Ujumbe wako kutoka Kolwezi nimeupata, na picha ya mbwa wako wa aina ya Boerboel nimeionyesha nyumba nzima. Kilo sitini, na bado anaongezeka! Umeniuliza kuhusu ile stendi ya chuma unayotaka kuchomelewa na fundi, ya kumwekea bakuli lifike kimo cha kifua. Nakuomba, usimpe fundi pesa kwanza. Soma barua hii mpaka mwisho.

Katika ufugaji wa mbwa wakubwa, kitu ninachokiogopa kuliko kupe na kuliko nyoka ni tumbo kujisokota. Mbwa mwenye kifua kirefu kama wako, akila mbiombio huku anameza hewa, tumbo linaweza kujaa gesi, halafu likajizungusha na kujifunga pande zote mbili, kule chakula kinakoingilia na kule kinakotokea. Gesi haitoki, damu hairudi vizuri moyoni, na bila upasuaji mbwa anakufa kwa muda wa saa chache. Ukimwona hatulii, udenda unamchuruzika, anajikaza kutapika lakini hakitoki kitu, na tumbo limekuwa gumu kama ngoma, usingoje asubuhi. Mpeleke kwa daktari wa wanyama usiku huohuo. Namba ya daktari uwe nayo tayari kwenye simu. Huku kwetu tuna bahati ya kuwa na kitivo cha mifugo pale Chuo Kikuu, wewe uliza huko Kolwezi mapema.

Stendi inaingiaje hapo? Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, wakiongozwa na Lawrence Glickman, walitoa matokeo ya kuwafuatilia mbwa 1,637 wa aina kubwa na kubwa sana. Walioingia hatarini zaidi ni wenye umri mkubwa, wenye mzazi, ndugu au mtoto aliyepata ugonjwa huo, wanaokula haraka, na wale waliokuwa wakilishwa kwenye bakuli lililoinuliwa. Hilo la mwisho liliwashtua wengi, maana watu walikuwa wakishauriwa kuinua bakuli ili kuuzuia ugonjwa huohuo. Madaktari wengine bado wanabishana nalo. Kwangu mimi, kwa kitu kinachoua haraka namna hii, bakuli likae chini. Mbwa mzee mwenye maumivu ya shingo, au yule ambaye umio wake umelegea na chakula hakishuki, habari yake ni nyingine, na daktari ndiye atakayesema. Wako ni kijana mzima.

Pesa ya stendi nunua bakuli la inox, yaani chuma kisichoshika kutu. Plastiki ataitafuna, na kila alama ya meno inakuwa pango la uchafu ambalo sabuni haifiki. Mbwa wengine hutoka vipele kidevuni kwa sababu hiyo. Bidoni, yaani dumu, la njano lililokatwa katikati ndilo baya zaidi, kingo zake zinachana ulimi. Kopo la rangi usiliguse kabisa. Sufuria za alumini zinazoyeyushwa mtaani kutoka vyuma chakavu naziogopa pia, kwa sababu katika vyuma hivyo madini ya risasi yenye sumu huweza kuwemo. Na usije ukashawishika na beseni la shaba ati kwa kuwa sisi wa Katanga ni watu wa migodi ya shaba. Hilo weka sebuleni. Udongo uliochomwa na kupakwa rangi ya kung'aa ni mzito, hausogei, lakini ukimeguka tu utupe.

Chagua pana kuliko refu. Yeye anakula bukari, yaani ugali, na vichwa vya samaki, na bukari ikiwa donge moja ataimeza karibu nzima. Mimi napenda sinia la inox, lile tunalopakulia watu wengi kwenye matanga: ipoe kwanza, imegemege, itawanye sinia zima, alazimike kuokota kidogokidogo. Ukibaki na bakuli, weka katikati jiwe laini la mtoni, lililo kubwa kuliko kinywa chake ili asijaribu kulimeza, azunguke kulikwepa. Mgawie chakula mara mbili kwa siku, si mlima mmoja wa jioni. Chini ya sinia tandika kipande cha mpira, la sivyo atalisukuma kwenye saruji mpaka getini.

Maji yawe na chombo chake. Hesabu mililita 50 mpaka 60 kwa kila kilo ya mwili: huyo wako anataka lita tatu na zaidi kwa siku, na kwa joto hili la kabla ya mvua anapita hapo. Beseni la lita tano au sita, kivulini, maana inox juani inachoma. Lilaze ndani ya tairi la zamani ili asilipindue, lakini tairi litoboe chini, lisije likatuama maji na kukuzalia mbu. Ule utelezi unaoota ndani ya beseni usuguliwe kila siku kwa sabuni. Kuongezea maji juu yake hakutoshi.

Jumamosi naenda soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi. Pima upana wa pua yake na mashavu, unitumie kabla ya Ijumaa, nikuchagulie sinia na beseni nikupakilie kwenye basi la Kolwezi. Pesa tutahesabiana baadaye.

Nisalimie mama watoto na wadogo wote.

Ni mimi ndugu yako, wa Katuba