Wimbo umefika, jina limebaki njiani

Bwana Mhariri,

Jambo sana, na jambo kwa wasomaji wote wa Lubumbashi. Wiki iliyopita mulituandikia kwamba wanamuziki wasiokuwa na bosi waingie kwa nguvu mu mitandao, sababu muziki umebadilika na sasa kila mtu anaweza kujitangaza na simu yake. Sikatai. Ila mwandishi wenu alihesabu vyu tu, yaani mara ngapi watu wameangalia, vyu vya huyu, vyu vya yule, kama mtu anayehesabu mifuko ya makaa na haulizi nani alinunua. Mimi niko na meza pembeni ya soko ya Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, si ile nchi, parasoli moja, kompyuta imeshakosa herufi mbili, na betri ya gari maana mambo ya umeme munayajua. Kazi yangu ni kutilia watu miziki mu fulashi na mu karte za simu, nyimbo kumi franka 1000. Sasa ni miaka kumi na moja. Nitasema vile ninaonaka pale.

Mtu akifika hasemi "nipe wimbo wa fulani". Anaimba. Anaimba kale kapande kamoja kalipita TikTok, sekunde kumi na tano hivi, mwanzo wa wimbo hajui, mwisho hajui, mwimbaji hajui kabisa, ukimuuliza anakwambia "ile wanachezaka na mabega". Juzi watoto wawili wa shule, uniforme na vitabu mu mgongo, wakanichezea mabega mbele ya meza, watu wakasimama kuangalia, hadi mama wa mandazi akawapigia makofi, njo nikajua ni wimbo gani. Na nilikuwa nao! Nilikuwa nao mara tatu mu kompyuta, umeandikwa AUD-20240518-WA0013. Hilo njo jina WhatsApp iliupatia. Ule wimbo umefika paka Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, kwa madereva wa malori, wanauomba kila wiki, lakini mwenye kuuimba hakuna anayemjua, labda anakaa Katuba anapita hapa kila siku na ndoo ya maji.

Wazee wetu hawakuwa na intaneti lakini jina lilikuwa linatembea na wimbo. Mwaka 1952 yule mzungu Hugh Tracey, mwenye kuzunguka akirekodi muziki wa Afrika, alimkuta Mwenda Jean-Bosco pale Likasi, wakati ule bado inaitwa Jadotville, akamrekodi na gitaa lake, santuri ikatoka, na katikati ya santuri kuna karatasi ya mviringo imeandikwa jina. Ukiivunja, jina linabaki kwenye kipande. Baadaye Mwenda alifika hadi Nairobi, na kule kampuni ya vidonge vya Aspro njo ililipia kipindi chake mu redio, kumbe matangazo ya biashara na muziki havikuanza na Facebook. Leo vijana wanajifunza mkono wake wa gitaa na wanajua ni wa nani. Wa kwetu wa 2024 anaitwa WA0013.

Na hapa nitawasema wanamuziki wenyewe wasinikasirikie. Tuko na hii desturi ya kutupa majina, mabanga, unalipwa unataja tajiri mu wimbo, unataja mwenye magari, unataja mke wake, unataja mtoto wao mwenye kusoma Ubelgiji. Nimesikia wimbo wa dakika nne una majina kumi na saba, nilihesabu, na la mwimbaji halimo! Ndugu yangu, tupa na lako basi. Sema jina lako pale mwanzoni kabla ngoma haijaingia, halafu ulirudie ndani ya kale kapande unakojua watoto watakachezea, sababu hako njo katatembea, kengine kote katabaki nyumbani.

Mtoto wa dada yangu mkubwa anapigaka karindula, lile banjo kubwa la pipa na ngozi ya mbuzi, anaimba kwenye ndoa na kwenye matanga. Mwaka juzi alirekodi wimbo, akanikopa dola 20 akazilipia Facebook iubusti, yaani iuonyeshe kwa watu wengi. Vyu vikapanda, tukafurahi sana, mama yake akafunga kitambaa kipya. Halafu nikafungua koments. Watu wa nchi ambazo hata maandishi yao hatuwezi kusoma, wengine wametia tu kidole juu, na wa Lubumbashi nilihesabu tisa, kati yao mimi na mama yake. Hatukuchagua mji, njo kosa letu, ile pesa ilienda kutafuta vidole vya bei rahisi popote vilipo. Hakuna hata mmoja aliyempigia simu kumwita kwenye ndoa.

Basi nikamwambia chukua kaye, daftari. Kila unapoimba, ukimaliza, usikimbilie kwenye sahani ya bukari, pita kati ya watu uandike namba zao, na wao waandike yako hapo hapo mbele yako. Hiyo ya pili ni ya lazima, sababu ile listi ya WhatsApp ya kutumia watu wengi mara moja inakubali watu 256, na mtu asiyekuwa na namba yako mu simu yake ujumbe haumfikii, utakaa unafikiri wamekudharau. Na wimbo usiutume kama sauti ya kawaida, utume kama dokima (document), hapo jina uliloandika linabaki, ukifika kwangu unafika na jina lako na namba yako ya M-Pesa au ya Airtel Money. Alikusanya watu 63. Akawatumia wimbo, akaandika kwamba mwenye kuupenda atume franka 1000, asiyekuwa nayo asikilize tu. Walituma 22. Ni pesa ndogo, ndiyo, haikujaza hata tanki ya pikipiki. Lakini mmoja wa wale 22 alimwita kwenye ndoa ya dada yake kule Ruashi, akalipwa dola 80 na chakula, na kaye ikaongezeka.

Simaanishi aache majukwaa makubwa. Awekemo, kuna watu wetu Ulaya na Zambia wanatafutia kule. Ila ajue mwendo wake. Spotify tangu 2024 hailipi wimbo usiofikisha masikilizo 1000 mu miezi kumi na miwili. YouTube kabla haijakugawia pesa ya matangazo inataka watu 1000 waliojiandikisha na masaa 4000 ya kutazamwa kwa mwaka, au kutazamwa mara milioni 10 kwa zile video fupi mu siku 90. Bandcamp, duka la miziki la mu intaneti, ni nzuri kwa msanii, inakata 15% tu ya bei ya wimbo, lakini mnunuzi analipa na karte ya benki, na mnunuzi wangu mimi ana karte moja tu, ya uchaguzi. Tena weka kopi zako nyumbani. MySpace, ambayo zamani njo ilikuwa nyumba ya wanamuziki huru wa dunia nzima, mwaka 2019 ilikubali kwamba wakati wa kuhamisha mitambo ilipoteza miziki ya watu ya miaka kumi na miwili. Hapa petu sihitaji kwenda mbali hivyo, namjua kijana aliyemwachia rafiki paswadi, wakagombana kwa ajili ya msichana, ukurasa ukageuka wa kuuza viatu.

Mutaniuliza, na wewe je? Ni kweli. Mimi nauza jasho la watu. Sheria ya haki za watunzi iko tangu 1986, na SOCODA, shirika la kukusanya haki za watunzi, iko tangu 2011, na siku wakipita na polisi sitakuwa na la kusema. Nimejaribu kitu kimoja tu. Wimbo wa mtu wa hapa ukiwa na namba ndani, naandika jina na namba kwenye karatasi na kuibandika kwenye parasoli, na mteja akiutaka namwambia kwanza mtumie mwenyewe kitu, mimi utanilipa zile zingine tisa. Wengine wanacheka wanaenda kwa jirani yangu ambaye hana maswali. Wengine wanatoa simu.

Ninachoomba kwenu gazeti ni kidogo. Mwache kutuandikia vyu. Kila wiki mutie kipande kama cha tangazo la kifo, kile kidogo cha pembeni, nyimbo tano mpya za Lubumbashi, Likasi, Kolwezi: nani ameimba, anakaa komini gani, unaupata wapi, namba ya kumlipa au kumwita. Bila kumuomba msanii pesa ya kahawa, hapo munanielewa. Mimi nitakikata nakibandika kwenye parasoli.

Tena nina shida moja, labda kati ya wasomaji wenu yuko mwenye kujua. Wiki mbili zimepita mama mmoja wa umri alikuja na simu ya vibonye, akaniimbia wimbo wa karindula, mwanaume anamwomba mama mkwe amrudishie ndoo yake hata kama mke harudi. Alicheka mwenyewe akiimba. Niko nao, ni AUD na WA0031, hauna jina, na sauti ya mwimbaji ina kikohozi kadogo kabla ya ubeti wa pili. Nilimtilia. Kabla ya kwenda akaniachia franka 1000 zingine, akasema hizi si zako, mpe yule wa ndoo. Ziko mu kopo, chini ya kompyuta. Mwenyewe akisoma apite, asubuhi ni vizuri zaidi, mchana niko na watu wengi.

Mtilia miziki wa soko ya Kenya,
Lubumbashi