Maandalizi ya mazungumzo ya Jumamosi: Hercules X-1

Ndugu wanakikundi,

Tutakutana Jumamosi saa tisa alasiri, Upanga, kuzungumzia mabadiliko ya muda mrefu ya mwangaza katika mifumo ambamo nyota ya nyutroni (kiini kidogo, kizito mno, kinachobaki nyota kubwa inapolipuka) hunyonya gesi ya nyota mwenzake na kutoa eksirei.

Naomba mjiandae hasa kwa Hercules X-1, mmojawapo wa mifumo hiyo, uliochunguzwa na satelaiti ya Uhuru, ambayo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, kwa jirani zetu kabisa. Nyota yake ya nyutroni hujizungusha kila sekunde 1.24 na kukamilisha obiti kwa siku 1.7, lakini mwangaza wake hupanda na kushuka kwa mzunguko wa siku 35 hivi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba sahani ya gesi inayoizunguka imeinama na kujipinda, nayo huyumba polepole kama pia ya kuchezea watoto, ikatuzibia nyota kwa siku kadhaa; nyota yenyewe haizimiki.

Aquila X-1, mfumo mwingine wa aina hiyo, ni tofauti: gesi hujilimbikiza kwenye sahani, kisha humiminika kwenye nyota, na mlipuko wa mwangaza hutokea takriban kila mwaka. Tofauti hii ndiyo kiini cha mjadala, kwa hiyo mwenye uwezo apakue grafu za mwangaza za MAXI, chombo cha kupima eksirei kilichoko kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa tangu 2009, aje nazo zimechapwa.