Barua ya wazi kwa mafundi wa ndege Dodoma: mkipokezana zamu, pokezaneni kwenye ndege

Wanangu, mbukwenyi.

Nawaandikia ninyi mnaolaza ndege pale uwanjani Dodoma na kuziandaa alfajiri, pamoja na wadogo zenu wanaosomea ufundi huu huku wakiutazamia uwanja mpya wa ndege wa Msalato. Njia yake ya kurukia ya kilomita 3.6 itapokea ndege kubwa, na ndege kubwa huleta zamu nyingi. Nina neno moja tu, nalo linahusu ile nusu saa ambayo fundi mmoja anavua ovaroli na mwingine anavaa.

Itazameni ajali ya Eagle Lake, Texas, ya Septemba 11, 1991. Ndege ilikuwa Embraer 120. Usiku uliotangulia, mafundi walikuwa wabadilishe mipira ya kuondoa barafu kwenye ukingo wa mbele wa bawa dogo la mkiani, kulia na kushoto. Skrubu za juu zikafunguliwa pande zote mbili. Muda ukawabana, upande wa kushoto ukaahirishwa, na skrubu zake 47 hazikurudishwa. Mkaguzi wa zamu ya usiku aliwahi kufika, akasoma daftari la makabidhiano kabla mwenzake wa jioni hajaandika alichofungua. Hakuona kitu. Baadaye ndege ikasukumwa nje ya hanga, gizani, kupisha nyingine. Mkia wa ndege ile uko juu kama herufi T, na skrubu zile ni za upande wa juu wa bawa. Ukisimama chini na tochi yako huoni lolote. Asubuhi ikaruka safari ya kwanza salama. Safari ya pili, ukingo ule uling'oka hewani. Walikufa watu 14, wote waliokuwemo.

Daftari lilikuwepo, wanangu, na mwenye kuandika aliandika. Tatizo ni kwamba aliandika mwisho wa kazi. Kwa hiyo andikeni kabla ya kufungua. Bisibisi inapogusa skrubu ya kwanza, mstari wa kuirudisha skrubu hiyo uwe tayari kwenye kadi ya kazi, na nafasi ya sahihi iwe wazi. Kushoto kuwe na mstari wake na kulia wake. Mkiandika "mipira ya mkia" kwa mstari mmoja, upande uliokamilika utaufunika ule ambao bado.

Pia acheni kuandika sifa zenu. "Nimebadilisha chujio la oili" hakumsaidii anayeingia, kwa sababu hakumwambii aanzie wapi. Andika hivi: "Injini namba 2: chujio limeingia na oringi mpya. Halijakazwa kwa spana ya kipimo. Halijafungwa waya. Injini haijawashwa kuangalia uvujaji." Hapo hata mgeni kabisa anaweza kuendelea. Neno "karibu kumaliza" lifutwe kabisa kwenye madaftari yenu. Nati iliyokazwa kwa vidole inafanana sana na iliyokazwa kwa kipimo, mpaka uishike.

Kuwasha injini kuangalia uvujaji nimekutaja makusudi. Februari 23, 1995, huko Uingereza, Boeing 737-400 iliruka baada ya injini zake zote mbili kuchunguliwa ndani usiku. Fundi aliyeianza kazi ile alimkabidhi mwenzake kwa mdomo. Vifuniko vya mahali pa kuzungushia rota, ile sehemu ya injini inayozunguka, havikurudishwa, kimoja kila injini, na injini hazikuwashwa kujaribiwa. Hewani, oili ikavuja karibu yote, pande zote mbili. Marubani waliwahi kutua Luton, na hakuna aliyekufa. Mafunzo hapo ni mawili. Fundi mmoja asifungue kitu kilekile kwenye injini mbili usiku mmoja, na ikilazimu, basi macho mengine yakague kabla ya kufunika. Na jaribio la kuwasha si la kufanya "kama muda upo".

Siku hizi najua mnatumiana picha na ujumbe wa sauti WhatsApp. Picha ni nzuri, pigeni. Lakini inabaki kwenye simu ya mtu aliyekwenda kulala Nzuguni, na mkaguzi hasaini simu. Makabidhiano yafanyike mkiwa mmesimama chini ya ndege, kadi mkononi: anayetoka anaonyesha kwa kidole kila paneli iliyo wazi, anayeingia anaigusa. Vifaa vihesabiwe wote wawili wakiwepo.

Mazingira yetu nayo yana mambo yake. Upepo wa kiangazi hapa hupeperusha kitambaa chekundu cha kuonya kwamba kitu kiko wazi au kimefunikwa, kama karatasi, basi kifungeni, msikichomeke tu. Mirija inayompa rubani kasi yake lazima ifunikwe usiku kwa sababu ya vumbi na manyigu, ambao hujenga udongo ndani yake bila kuomba ruhusa. Idadi ya vifuniko iandikwe vinapovalishwa, na ihesabiwe vinapovuliwa. Mnapoosha ndege, msizibe matundu ya hewa, yale yanayosaidia kupima kimo na kasi, kwa utepe wa rangi ya bati. Boeing 757 iliyoanguka baharini karibu na Lima, Oktoba 2, 1996, iliachwa na utepe wa namna hiyo. Watu 70 walikufa.

Kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri mwili unadai usingizi, hata kama umekunywa chai ya rangi birika zima. Kazi za usukani na injini zipangwe mapema usiku. Saa hizo bakizeni matairi na usafi.

Sasa nanyi wasimamizi. Zamu mbili zipishane kwa nusu saa, na nusu saa hiyo ilipwe, maana mkimwambia mtu akabidhi kwa muda wake mwenyewe atakabidhi akitembea kuelekea getini. Na kijana akikataa kusaini paneli ambayo hakuona ikifungwa, msimwite mkorofi mbele ya wenzake. Ifungueni tena, aione. Abiria watasubiri.

Mzee wenu,
Fundi mstaafu, Dodoma