Chapisheni barua za matapeli hawa, watu wazijue mapema

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo linalowatesa watu wengi kimyakimya. Tangu mwaka 2018 kuna barua pepe inayozunguka dunia nzima, kwa lugha nyingi, na maneno yake karibu ni yaleyale. Mwandishi hajitaji jina. Anadai amedukua kompyuta yako, akawasha kamera na kukurekodi ukitazama video za ngono, kisha akanakili orodha ya ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzako. Usipomlipa kwa Bitcoin, sarafu ya kidijitali, ndani ya muda aliokupa, mara nyingi saa 48, atawatumia wote hiyo video. Na ili umwamini, anakutajia nywila (password) yako.

Nywila hiyo ndiyo inayowavunja watu nguvu, maana mara nyingi ni ya kweli. Lakini haikutoka kwenye kamera wala kwenye kompyuta yako. Iliibwa zamani kwenye tovuti uliyowahi kujisajili. LinkedIn, mtandao wa kutafuta kazi, iliibiwa mwaka 2012, na mwaka 2016 taarifa za akaunti zaidi ya milioni 100 zikaonekana zikiuzwa mtandaoni. Adobe, kampuni ya programu za kompyuta, nayo ilivamiwa mwaka 2013. Tapeli hujipatia orodha kama hizo, kisha programu inachopeka nywila ya kila mtu ndani ya barua ileile. Mwaka 2019 wachunguzi wa kampuni ya usalama wa mtandao ya Check Point waliueleza mtandao wa kompyuta zilizotekwa, uitwao Phorpiex, uliokuwa na uwezo wa kutuma barua za namna hii hadi 30,000 kwa saa. Anayetuma kwa kasi hiyo hamjui hata mmoja wa anaowaandikia. Video hana.

Wapo wanaoshtuka zaidi kwa kuona barua imetoka kwenye anwani yao wenyewe. Jina la mtumaji hughushiwa kirahisi, kama vile mtu anavyoweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha. Mwaka 2024 zikaanza kuja hata na picha ya nyumba ya mpokeaji. Picha hizo zinapatikana kwenye ramani za mtandaoni. Kinachohitajika ni anwani ya makazi iliyovuja.

Sasa nije kwenye linaloniudhi. Ushauri unaotolewa mara kwa mara ni huu: “Kama hujawahi kutazama mambo hayo, huna cha kuogopa.” Ushauri huu ni mbaya. Aliyewahi kutazama anausoma na kuhitimisha kwamba basi yeye anacho cha kuogopa, na huyo ndiye atakayelipa. Kumbe barua ni ya uongo kwake sawasawa na kwa mwingine yeyote. Tumwambie hivyo bila kumuuliza alitazama nini. Tapeli hategemei ufundi wowote mkubwa. Anategemea aibu ya mtu asiyethubutu kumwonyesha hata mwenzi wake barua aliyoipokea.

Wala kufuta barua peke yake hakutoshi. Ikiwa nywila iliyotajwa bado unaitumia mahali popote, ibadilishe leo, na uweke uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuombwa kithibitisho cha pili mbali na nywila, ukianza na barua pepe yenyewe. Tovuti ya Have I Been Pwned itakuonyesha bure anwani yako imevuja wapi. Usimjibu tapeli, usifungue viambatisho vyake, usilipe. Malipo ya Bitcoin yakishathibitishwa hayarudishwi.

Hata hivyo tusiwaambie watu kwamba kila kitisho ni hewa. Mwaka 2020 nchini Finland, wateja wa kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo walidaiwa euro 200 kila mmoja kwa barua pepe, na siri zao kweli zilikuwa zimeibwa. Wapo pia vijana waliotumiana picha na mtu aliyejifanya mpenzi, kisha akawageuka. Huyo anazo picha na kwa kawaida huzionyesha. Hapo usifute kitu: hifadhi ujumbe wote, kata mawasiliano, nenda polisi. Kulipa huleta dai jingine. Huduma ya StopNCII, na Take It Down kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18, hutengeneza alama ya kidijitali ya picha ili mitandao inayoshirikiana nazo iweze kuizuia, na picha yenyewe haitoki kwenye simu yako.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni moja. Chapisha barua moja ya matapeli hawa nzima, neno kwa neno, ukiondoa tu namba ya pochi ya Bitcoin ya kulipia na taarifa za aliyeipokea. Usiifiche kwenye safu ya teknolojia, ambako wanaifahamu tayari. Iweke mbele, aione mzazi, mstaafu na mwanafunzi, ili siku itakapomfikia yeye aitambue kabla hajafika mstari wa tatu.

Msomaji wako