Salamu za Idd kwa wana mtaa, wa juu na wa bondeni

Assalaam aleykum ndugu zangu waislamu, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote habari za jioni. Naandika hii leo Jumapili tarehe 30 Machi 2025, tumefunga ya 29, uji ushaiva na sikio lipo kwenye redio tunasubiri habari za mwezi. Ukiandama leo kesho tunaswali Idd, usipoandama tunakamilisha 30 alafu Jumanne ndo sikukuu, vyovyote itakavyokuwa mi nimeona nitume salamu sahivi kabla simu hazijajaa.

Idd Mubarak kwenu nyote. Imetimia miezi 4 toka mnichague tarehe 27 Novemba kuwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na hii ndo sikukuu yangu ya kwanza ya Idd nikiwa kwenye nafasi hii, nawashukuru kwa subira yenu na kwa kunigongea mlango mpaka saa 5 usiku, nasema kwa moyo mweupe kabisa, endeleeni kugonga.

Mwaka huu Mungu katuletea Ramadhani na Kwaresima kwa pamoja, sisi tulianza tarehe 2 wenzetu wakapakwa majivu tarehe 5, kwa iyo mwezi mzima karibu kila nyumba kulikuwa na mtu kashinda na njaa. Na mimi kwenye huu mfungo jambo moja limenikaa sana kichwani. Njaa mtu unaweza kuhadithiwa miaka yote ukaitikia tu "pole", lakini ikifika saa 10 jioni tumbo limeshikana na mgongo hapo ndo unaelewa yule jirani anayelala bila kula anapitia nini, mwili wenyewe unakwambia. Sasa sisi wa mtaa huu tuna jambo jingine ambalo wengi wetu tunahadithiwa tu, nalo ni maji.

Jana ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Tulikubaliana tuanze mara tu baada ya swala ya alfajiri, daku bado lipo tumboni na jua halijawa kali, na kusema kweli nilikuwa na wasiwasi nani atakuja na swaumu yake kushika chepe. Nilivyofika pale kalavati nikakuta kwaya ya kigango imeshatangulia na toroli mbili, vijana wa bodaboda wameshavua viatu, kina mama wana reki na mafagio. Kijana mmoja (sitamtaja jina mana hakufanya ili atajwe) aliingia kwenye maji machafu mpaka kiunoni akawa anavuta kwa mikono kitu kilichoziba mdomo wa kalavati, tukamsaidia kwa kamba, likatoka godoro zima la futi 4 na nusu, limelowa, zito kama mtu. Nyuma yake zikafuata tairi, madumu, chupa za soda zisizohesabika na begi la shule lenye madaftari bado ndani. Godoro lilivyotoka tu maji yakaanza kutembea, yalitoa sauti kabisa, watu tukanyamaza tukawa tunasikiliza.

Hilo godoro halikutupwa na mtu wa bondeni. Mtu wa bondeni hawezi kuziba njia ya maji yanayokuja kuingia kwake. Ndugu zangu wa juu naomba mnielewe, silaumu nyumba ya mtu yeyote, ila tuangalie maji yanavyokwenda, mvua ikipiga bati lako inashuka uani kwako, inapita uchochoroni inabeba ile nailoni na pampasi uliyoacha pembeni ukisema gari la taka litapita, inaingia mtaroni, mtaro unashuka kwenye kijito chetu na kijito kinakwenda kumwaga Mto Msimbazi. Njiani hapo kabla haijafika Msimbazi kuna nyumba, na kuna bibi yetu mmoja ana ukuta sebuleni una mstari wa kahawia umepita juu ya swichi ya taa. Ni alama ya maji ya Desemba 2011. Wajukuu wamepaka rangi chumba chote lakini pale kawakataza, kasema paachwe hivyo hivyo. Nilivyoenda kumsalimia mwanzo wa mfungo alinisimamisha pale nikapima, ule mstari unanifika kidevuni. Nikamuuliza ulikuwa wapi siku ile, akasema juu ya kabati na mtoto mchanga mkononi toka saa 9 usiku mpaka kulivyopambazuka.

Mafuriko yale ya 2011 yaliua watu zaidi ya 40 hapa Dar, wengine mnakumbuka ndugu zetu walivyohamishiwa Mabwepande. Na mwaka jana tu, mvua za el nino, Waziri Mkuu alisimama bungeni mwezi wa nne akasema watu 155 wamefariki nchi nzima kwa mafuriko na maporomoko. Wenzetu wa Jangwani kule chini kuna mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi, wengi wamelipwa fidia wamebomoa wamehama, Idd hii wanailia kwenye mitaa mipya na majirani wapya, tuwaombee wapazoee. Sisi huku mradi haujatufikia. Barua za kuomba mtaro ujengewe nimepeleka mara 3, nakala ninazo zina mihuri ya kupokelewa, na nitapeleka ya nne baada ya sikukuu, ila masika hayasubiri barua.

Ndo mana mwaka huu hamkuona futari ya mwenyekiti. Nilishauriwa sana niandae, nikodi maturubai na viti, niite wageni, tupige picha na tende. Si vibaya, kufuturisha ni thawabu kubwa na wanaofanya Mungu awalipe, lakini nilikaa na wajumbe wangu tukaona kwa uwezo wetu tutapata jambo moja tu, tukachagua chepe, buti na mifuko ya salfeti ya kujaza mchanga. Futari tukapeleka nyumba kwa nyumba kwa wagonjwa na wazee, magimbi na uji, bila kamera. Kuna aliyenuna nikamfuata nikamweleza, leo asubuhi kaniletea kaimati.

Mengine nasema kwa haraka. Barua ya utambulisho ni bure, ukiombwa hela hata ya soda nipigie mimi. Vikundi vinavyosubiri mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya 4 kwa kina mama, 4 vijana na 2 wenye ulemavu, haina riba lakini inarudishwa, na faili mbili zimerudi kwa sababu mihtasari ya vikao haikuwa na sahihi za wanachama wote, njooni Alhamisi tuziweke sawa. Na wanaouliza kuhusu kujenga karibu na kijito, sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingoni, msije mkauziwa kiwanja na dalali kisa ni bei nafuu alafu mkaja kwangu mnalia, na mimi nitalia na nyinyi lakini nyumba itakuwa imeshakwenda.

Sasa sikukuu yenyewe. Fitri itolewe kabla ya swala, kama hujui umpe nani orodha ya nyumba za wahitaji anayo mwalimu wa madrasa na wengi wao ni wa bondeni, pelekeni kwa mikono yenu msitume mtoto, ingieni ndani mkae kidogo. Mkifika kwa bibi ombeni awaonyeshe ule ukuta. Majirani zetu wakristo mko kwenye mfungo bado mpaka Pasaka tarehe 20, pilau lenu tutawahifadhia namna mtakavyotuelekeza, asiyekula nyama siku hiyo aseme tu kuna wali wa nazi na maharage. Watoto wakivaa nguo mpya watataka kutembea, Mnazi Mmoja, Coco, popote, waende na mkubwa wa kuwashika mkono, na mvua ikianza wasivuke pale kalavati hata kama maji yanaonekana madogo.

Waliotangulia mbele za haki tukiwa nao Ramadhani iliyopita Mungu awarehemu, najua kuna nyumba tatu mwaka huu sahani imepungua moja, nitapita kwenu wote.

Kipande kilichobaki ni kutoka kalavati mpaka nyuma ya msikiti, tunamalizia Jumamosi tarehe 5 saa 12 na nusu asubuhi. Chepe ziko kwangu, toroli ziko kigangoni, mwenye buti namba 9 atuazime mana kijana wetu wa jana za kwake zimechanika.