Barua kwa mwanangu: ukubwa wa sayari una utapeli wake

Mwanangu, hujambo huko shule? Sisi wote wazima. Ile chati yako ya sayari nimeiona kwenye simu, rangi umezipanga vizuri kwa kweli, ila zote 8 umezichora saizi karibu moja na hapo ndo nataka tuongee kidogo.

Chukua punje ya mtama, sema hiyo ndo Dunia. Basi Mshtarii ni ndimu nzima, na Utaridi ni punje ya ulezi. Dunia ina upana wa kilomita kama 12,750, Mshtarii inafika 143,000, yani lile doa jekundu ulilolichora (ni dhoruba hiyo, sio alama) peke yake ni pana kuliko Dunia yetu yote.

Sasa utapeli wenyewe. Zohali kwa upana haijaachwa mbali na Mshtarii, kilomita 120,000 hivi, ila uzito wake haufiki hata theluthi, maana sehemu kubwa ni haidrojeni na heliamu, kwa wastani ni nyepesi kuliko maji! Uranus nayo ni pana kidogo kuliko Neptune afu Neptune ndo nzito. Hizo mbili ndani zimejaa maji, amonia na methani, wataalamu wanaziita majitu ya barafu, jina ambalo mimi silipendi kabisa kwa sababu humo ndani kuna joto la balaa.

Zile 4 za karibu na jua ni za mawe na chuma. Zuhura karibu inalingana na Dunia kwa umbo, ila hewa yake nzito ya kaboni dioksaidi imefungia joto mpaka nyuzi kama 465, hata Utaridi iliyo jirani kabisa na jua haiipati.

Na huyo Utaridi, kilomita 4,879, kapitwa na mwezi! Ganymede ina 5,268, ila kwa vile inaizunguka Mshtarii na sio jua, itabaki kuitwa mwezi tu.

Pluto umefanya sawa kuiacha. Sisi tulikariri sayari 9, ikatolewa 2006 kwenye mkutano wa wanaastronomia kule Prague, na ina kilomita 2,377 tu, hata mwezi wetu umeizidi.

Haya, hela ya matumizi nimemtumia matroni, kachukue.

Baba yako