Mtungi wa gesi upimwe kwa mzani, si kwa kutikiswa

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wapishi wa kambi, madereva wanaobeba majiko kwenye magari yao, na mawakala wa gesi wa Arusha na Moshi. Wengi bado wanaupima mtungi kwa kuutikisa au kuugonga kwa kijiko. Kilichomo mtungini ni kimiminika, na mlio wake haukuambii kama imebaki kilo moja au tatu.

Kipimo cha kweli ni mzani. Kwenye kola ya chuma inayozunguka vali pamegongwa uzito wa mtungi mtupu, mara nyingi karibu na herufi TW au neno TARE. Usiuchanganye na ujazo wa maji ulioandikwa kwa lita, wala namba ya shinikizo. Rangi ikiwa imefunika namba, isugue taratibu kwa brashi. Funga vali, ondoa jiko au regulata na mpira wake, panguza maji na matope, pima, kisha toa uzito wa mtungi mtupu. Mtungi wa kilo 6 ulioandikwa 7.2 ukisoma 10.1, gesi iliyobaki ni kilo 2.9. Mzani wa kuning'iniza, kama wa wanunuzi wa kahawa, unatosha kabisa. Ule wa kupimia watu si wa kuaminika sana: ukikosea nusu kilo tu, kwa mtungi mdogo hiyo ni milo kadhaa.

Pleti moja ya kilowati 2.5 ikiwaka yote hula karibu gramu 200 kwa saa. Kilo 2.9 ni kama saa 14 kwa pleti moja, saa 7 kwa mbili. Mpishi anayejua chakula chake kinakaa motoni muda gani anaweza kuamua kabla gari halijatoka mjini. Kwa wa Kilimanjaro, kungoja mizani ya mizigo ya wagumu, yaani wapagazi, pale geti la Machame ni kuchelewa. Pimeni stoo, Moshi, mahali ambapo mtungi bado unabadilishika.

Geji ya shinikizo ndiyo inayodanganya wengi. Maadamu kuna kimiminika ndani, hata kidogo, shinikizo hufuata joto la mtungi, si wingi wa gesi. Alfajiri ya Julai kambini Simba, ukingoni mwa Ngorongoro, mshale hushuka na moto hufifia, mpishi akadhani gesi imekwisha. Mchana Seronera, Serengeti, mtungi uleule unawaka vizuri. Tena gesi inapogeuka mvuke hunyonya joto la mtungi wenyewe, hivyo mtungi mdogo uliofungwa jiko kubwa hupoa hadi kutoa jasho au barafu. Punguza moto au tumia mtungi mkubwa zaidi. Usiusogeze kwenye moto, na usiulaze: kimiminika kikiingia kwenye regulata, moto unaweza kuruka ghafla.

Porini kusiko na mzani, mwaga jagi la maji ya moto yasiyochemka upande mmoja wa mtungi, toka juu hadi chini. Subiri kidogo, kisha shusha kiganja juu ya chuma. Panapobadilika kutoka uvuguvugu kuwa baridi ndipo kimiminika kinapoanzia, kwa sababu kimiminika huchukua joto haraka kuliko mvuke ulio juu yake. Ni makadirio tu, na gesi ya mwishomwisho hujificha nyuma ya pete ya kitako ambako mkono haufiki.

Moto wa njano unaopaka masizi sufuria si dalili ya gesi kuisha. Mara nyingi matundu ya hewa ya jiko yameziba vumbi au utando wa buibui. Harufu huweza kuzidi mtungi unapokaribia kuisha, kwani dawa ya harufu hubaki nyuma gesi ikitoka. Hata hivyo, usikisie: paka povu la sabuni kwenye vali na maungio, likitoa mapovu, gesi inavuja, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa itatuama kwenye sakafu ya gari.

Kwa mawakala, ombi letu ni moja. Wekeni kaunta mzani uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo, mteja asome uzito mwenyewe kabla ya kulipa, na uzito wa mtungi mtupu uandikwe kwenye risiti. Anayeelekea Karatu na siku nyingi za kambi mbele yake ana haki ya kujua amenunua kilo ngapi.

Wapishi wa kambi na mafundi wa majiko ya gesi,
Arusha